Bunduki ya Omaha na Mzee wa Munuki

Picha kumi na moja zilitoka kwenye simu yangu hapa Omaha, Nebraska, zikaingia kwenye simu ya baba yangu mdogo aliyeko Munuki, Juba, Sudan Kusini. Yeye alikulia ukimbizini Uganda, huko ndiko alikojifunza Kiswahili, na ndiyo lugha tunayoongea mpaka leo. Akazitazama kimya, kisha akapiga simu. Hakunisalimu kwanza, jambo ambalo si kawaida yake. Aliuliza: "Mwanangu, hiyo bunduki ni ya nani?"

Ni ya jirani yangu, mama mjane. Mumewe aliiacha kabatini, naye anataka kuiuza kwenye mnada wa mtandaoni. Kijana wake alikuwa ameshaandika tangazo: bunduki ya kale ya wadunguaji wa Kiingereza, iliyobebwa na King's African Rifles katika maasi ya Sudan ya 1955. Kwa kuwa natoka huko, waliniomba nithibitishe. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Karibu kila neno lake lina kasoro, na kasoro hizo ndizo ninazoziona katika matangazo mengi ya silaha za zamani zinazotajwa kuwa "za Afrika".

Tuanze na chuma. Ni Lee-Enfield fupi, ile ambayo Waingereza waliianzisha mwanzoni mwa karne iliyopita na kuitumia katika vita vyote viwili vikuu. Inapiga risasi ya .303, magazini yake inachukua risasi kumi, ina urefu wa sentimita 113 hivi na uzito unaokaribia kilo nne. Kenya watu wengi wanaijua ndugu yake mdogo, ile wanayoiita Mark 4, waliyokuwa wakipewa askari wa akiba kaskazini. Usiite bunduki hizi gobore. Gobore hushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na mnunuzi anayejua mambo akiliona neno hilo ataacha kusoma hapo hapo.

Shina la habari liko upande wa kulia, pale kitako kinapoingia kwenye mwili wa chuma. Kuna taji, herufi GR za Mfalme George, jina BSA Co., mwaka 1917, kisha SHT.L.E. na III yenye nyota. BSA ni kiwanda cha Birmingham. Nyota ile ndogo ina maana kubwa: mwaka 1916, vita vikila bunduki nyingi kuliko viwanda vilivyoweza kuzitengeneza, Waingereza walirahisisha muundo. Wakaondoa kibati cha kuzuia magazini na vilengeo vya pembeni vya kupiga mbali kwa pamoja. Kwa hiyo tangazo likiandika Mark III bila nyota, linaahidi bunduki nyingine.

Mwaka 1917 uliogongwa hapo unaliondoa pia neno "kale". Sheria ya Marekani ya 1968 inahesabu silaha kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa 1898 au kabla. Hii ya 1917 inaingia kundi la vitu vya makumbusho na wakusanyaji, lakini bado ni silaha kamili mbele ya sheria. Ikiuzwa kwenda jimbo jingine lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, au kwa mkusanyaji mwenye leseni yake maalumu. Ndiyo maana haiwezi kuwekwa popote tu: eBay iliacha kuuza bunduki tangu 1999, na watu huenda kwenye minada ya silaha kama GunBroker.

Neno "wadunguaji" liliondoka haraka zaidi. Bunduki ya mdunguaji huwa na mahali pa kufungia darubini. Hata darubini ikiwa imepotea, matundu ya skrubu au alama za vibanio hubaki kwenye chuma. Hapa hakuna hata tundu moja. Neno hilo huongeza bei, na bila alama hizo kuliandika ni kumdanganya mnunuzi, hata kama mwandishi hakukusudia.

Sasa historia, ambayo ndiyo iliyomfanya baba mdogo asahau salamu.

Walioasi mjini Torit, kusini mwa Sudan, tarehe 18 Agosti 1955 hawakuwa King's African Rifles. Walikuwa askari wa Equatorial Corps, kikosi cha kusini cha Sudan Defence Force, ambao walikataa kupelekwa kaskazini, miezi michache kabla ya Sudan kupata uhuru tarehe 1 Januari 1956. Baadhi yao walikimbilia porini na Uganda. King's African Rifles, au KAR, iliundwa 1902 na ilikuwa jeshi la Kenya, Uganda, Nyasaland na baadaye Tanganyika. Kuyachanganya majeshi haya ni kuwafuta watu wa kwetu kutoka kwenye historia yao wenyewe na kumpa sifa, au lawama, mtu ambaye hakuwepo.

Hata hivyo sikumlaumu kijana yule, kwa sababu mkanganyiko huu una mzizi. Katika miaka ya 1880, jimbo la Equatoria lilikuwa chini ya gavana Emin Pasha, na makao yake mwanzoni yalikuwa Lado, kaskazini kidogo ya Juba ya leo. Emin aliondoka na mvumbuzi Stanley mwaka 1889, askari wake wengi wakabaki nyuma na afisa wao Selim Bey. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaingiza Uganda. Wakawa uti wa mgongo wa Uganda Rifles, na kutoka hapo wakaingia KAR. Ndio Wanubi, ambao wajukuu zao wako Bombo na Kibra, na Kinubi chao mtu wa Munuki anakielewa bila mkalimani. Kwa hiyo damu ya kwetu ilikuwemo KAR kweli. Lakini askari wa Emin walibeba Remington zilizotoka Misri. Anayekuuzia Lee-Enfield "ya Equatoria ya Emin Pasha" anakuuzia ndoto.

Basi bunduki ya 1917 haikuweza kufika Juba 1955? Iliweza. Majeshi ya Waingereza yaliendelea kutumia .303 kwa miaka mingi. Ila kwenye mtutu wa hii kuna neno ENGLAND limegongwa, na karibu yake alama za majaribio ya kiraia, zikitaja urefu wa ganda la risasi na shinikizo la tani 18.5. Alama hizo zilipigwa Uingereza bunduki ilipotolewa jeshini na kuingia sokoni, kabla ya kusafirishwa nje. Njia hiyo ilileta bunduki nyingi sana Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Chuma kinasema kwamba hii ilipitia kwa mfanyabiashara. Hilo halizuii kwamba iliwahi kwenda Afrika, lakini halitoi ushahidi wowote.

Kukagua hali yenyewe ya bunduki kulichukua dakika chache tu. Namba ya mwilini na ya mtutu zinafanana, ya bolti haifanani. Hilo huandikwa wazi, na mnunuzi hushauriwa ampelekee fundi wa bunduki apime kabla ya kufyatua. Ndani ya mtutu michirizi inaonekana, ila kuna mashimo madogo ya kutu, kwa kuwa risasi za zamani ziliacha chumvi baada ya kupigwa. Mbao zimepigwa msasa na mtu fulani zamani. Kijana alitaka kuzipaka vanishi ing'ae, nikamsihi asiguse. Mkusanyaji hulipia mikwaruzo ya asili. Picha tulizipiga nje, jua likiwa limefunikwa na mawingu, kila muhuri peke yake, na kasoro tukazipiga karibu zaidi kuliko uzuri.

Jambo moja liliniuma kuliandika, lakini ni lazima. Binamu zangu wawili waliposikia habari hii waliuliza kama inaweza kununuliwa ikaletwa Juba, iwe kumbukumbu ya familia. Haiwezekani. Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya silaha dhidi ya Sudan Kusini Julai 2018, na Marekani ilikuwa imeshafunga mlango wake mwanzoni mwa mwaka huo huo. Tangazo linapaswa kusema kwamba mnunuzi awe ndani ya Marekani. Nami naafiki. Munuki ilisikia milio ya kutosha katika mapigano ya Julai 2016, na hakuna mtoto wa pale anayehitaji bunduki nyingine, hata iwe ya ukutani.

Hadithi ya familia hatukuifuta. Tuliiweka mwisho wa tangazo, katika aya yake: kwamba kwa maelezo ya familia, marehemu aliambiwa na aliyemuuzia kuwa bunduki hii ilitoka Sudan, na kwamba hakuna karatasi wala alama ya kikosi inayothibitisha. Kuna bunduki zenye kisahani cha shaba kwenye kitako, kilichochorwa kikosi na namba. Kwenye hii hakuna kisahani.

Hicho ndicho baba mdogo alichokuwa akikitafuta katika picha zile. Babu yangu alikuwa Equatorial Corps. Kila askari alilazimika kuijua namba ya bunduki yake kwa moyo, na babu aliendelea kuitaja uzeeni, hata alipokuwa amesahau majina ya baadhi ya watoto wake. Kwa kuwa kisahani hakikuwepo, baba mdogo akanitajia namba hiyo tarakimu moja moja, taratibu, mimi nikiziandika nyuma ya bahasha. Nikaenda nyumbani kwa jirani, nikafungua kabati, nikawasha tochi ya simu juu ya mwili wa bunduki.

Tarakimu mbili za mwanzo zilifanana. Ya tatu haikufanana.