Mng'ao na Rangi: Kisa cha Nyota V838 Monocerotis

Msomaji anapoikuta sentensi "nyota imelipuka", aghalabu hutosheka. Hata hivyo, sentensi hiyo huficha mambo mawili ambayo mtazamaji wa anga hana budi kuyatenganisha: mng'ao na rangi. Makala haya yanadhamiria kuyaeleza kwa kurejelea V838 Monocerotis, nyota iliyowashangaza wanaastronomia mnamo Januari 2002.

Nyota hiyo imo karibu na ikweta ya anga, mashariki mwa kundi la Orion. Hivyo, nchini Kenya hupita karibu na utosi. Kabla ya kulipuka, mng'ao wake ulikuwa kati ya daraja la 15 na la 16. Ikumbukwe kwamba madaraja haya huhesabiwa kinyume: tarakimu ikipungua, mng'ao huzidi, na tofauti ya madaraja 5 ni sawa na mara 100. Mapema Februari 2002 ilikaribia daraja la 6.7. Ilikuwa imeongezeka mng'ao maelfu ya mara, ingawa jicho tupu lisingeiona. Mwezi Machi iliwaka kwa mara ya tatu.

Rangi nayo hupimwaje? Nyota hupigwa picha kupitia kichujio cha buluu, kisha cha manjano. Tofauti ya madaraja hayo mawili ndiyo kipimo. Makadirio ya jicho hayaaminiki sana, kwani nyota nyekundu ikikodolewa macho kwa muda huonekana kana kwamba inazidi kung'aa.

Rangi ndiyo iliyozua utata. Nova ya kawaida hutupa gesi yake nje, na gesi hiyo inapotawanyika hufichua kiini chenye joto kali. V838 ilikwenda kinyume: ilivimba, ikapoa, ikawa nyekundu kupindukia. Wakati huohuo, nuru ya mlipuko ilizidi kuyaangazia mavumbi yaliyoizunguka, tabaka baada ya tabaka. Picha zake humfanya mtu adhani kuwa vumbi linatanuka, kumbe ni nuru inayofika kwa kuchelewa. Istilahi "mwangwi wa nuru" inalifaa jambo hili barabara.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba nyota mbili ziliungana. Yalipata nguvu V1309 Scorpii ilipolipuka mwaka 2008 kwa wekundu uo huo: vipimo vya miaka iliyotangulia vilionyesha nyota mbili zikizungukana kwa muda uliozidi kufupika. Kwa sababu hiyo, kuiita V838 "nova" pasi na kivumishi ni kupotosha. "Nova nyekundu" ingefaa zaidi.