Watu Wanaochelea Kumkanyaga Sisimizi

Muhula uliopita siafu waliingia bwenini mwetu usiku, tukalala kwa taabu. Asubuhi tuliwafuata huko nje, tukawamwagia mafuta ya taa, tukawachoma moto, na sote tukacheka. Baadaye nilisoma habari za Wajaini wa Bara Hindi, na kicheko kile kikanirudia.

Dini ya Kijaini ni ya kale sana. Mahavira, mwalimu wao mkuu, alifundisha yapata miaka 2,500 iliyopita. Wafuasi wake wapo hata Nairobi na Mombasa, ambako wana mahekalu yao. Sharti lao la kwanza ni ahimsa, maana yake kutodhuru chochote chenye uhai. Viumbe huvihesabu kwa hisi: mmea una moja tu, ya kugusa, mnyoo ana mbili, sisimizi tatu, nzi nne, mwanadamu tano. Hata mwenye moja hupaswa kuhurumiwa.

Basi sharti hilo huongoza mambo ya kila siku. Maji huchujwa kwa kitambaa, na wadudu waliobaki hurudishwa maji yalikotoka. Washikao dini sana hula kabla jua halijatua, kwani gizani mdudu huweza kuanguka chakulani. Hawali nyama, mayai wala asali. Viazi, vitunguu na karoti huviacha pia, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na viumbe vya udongoni. Watawa huchukua ufagio laini wa kufagilia mahali kabla ya kuketi. Safari zao ni za miguu, na miezi minne ya mvua hukaa mahali pamoja, maana wakati huo wadudu hujaa njiani.

Huenda msomaji akauliza: je, mkulima afanyeje, naye jembe lake huua kila lishukapo? Wajaini wenyewe wajua kwamba kuepuka kabisa hakuwezekani. Ndiyo sababu masharti ya watu wa kawaida ni mepesi kuliko ya watawa, na wengi wao tangu zamani walishika biashara kuliko kilimo. Tena kila mwaka huwa na siku ya kuomba msamaha kwa viumbe vyote.

Mimi si Mjaini, na mbu wa malaria nitamwua. Lakini kuua kwa haja ni mbali na kuua kwa mchezo. Siafu wale, tulipowachoma, walikuwa wamekwisha toka bwenini na kwenda zao.