Sheria Ipo, Lori Limekwama

Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliwaandikia barua watu wa forodha: mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie tena, kwa kuwa vipimo vimeonyesha yana sumukuvu kupita kiwango. Malori yaliyokuwa tayari barabarani yakakwama mpakani, mzigo ukiwa mgongoni na wenye mzigo wakipiga simu kila upande. Machi 10 zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha uasili wa bidhaa pamoja na cheti kinachothibitisha kuwa sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Sumukuvu si jambo la kupuuzwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na hakuna mzazi anayetaka ugali wa namna hiyo mezani kwake. Lakini hiyo mikrogramu 10 haikuwa sharti jipya. Ndicho kiwango cha mahindi ambacho nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa zimekubaliana zamani. Nchi zote tatu zilikuwa na kanuni moja kabatini. Kilichokosekana ni taarifa ya mapema, na upimaji unaofanyika mahindi yakiwa bado ghalani, kabla hayajapakiwa.

Hapo ndipo urasimu wa Afrika Mashariki unapojificha. Ukihesabu maandishi tu, kanda hii imejitahidi sana: Umoja wa Forodha ulianza 2005, Soko la Pamoja likafuata Julai 2010. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inataka bidhaa iliyothibitishwa na shirika la viwango la nchi moja ipokelewe na nchi nyingine bila kupimwa upya. Mwaka 2017 ikapatikana hata sheria mahususi ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha. Pamoja na hayo yote, Rais Samia Suluhu Hassan na Rais William Ruto walipokutana Dar es Salaam Oktoba 2022, ilielezwa kwamba katika vikwazo 68 vilivyoorodheshwa kati ya Tanzania na Kenya, 54 vilikuwa vimeondolewa na 14 vimebaki. Hatua kubwa, bila shaka. Swali ni vilitoka wapi vikwazo 68 ndani ya soko lililokwisha kutangazwa kuwa la pamoja.

Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, inaonyesha kwamba mambo yanawezekana. Kituo cha huduma kwa pamoja kilichozinduliwa hapo Desemba 2018 kina utaratibu rahisi: anayetoka Arusha kwenda Nairobi hasimami upande wa Tanzania kugonga mhuri. Anavuka hadi jengo la Kenya, anamkuta ofisa wa Tanzania dirishani, anamalizana naye, kisha anasogea kwa ofisa wa Kenya ndani ya jengo hilohilo. Foleni mbili zimekuwa moja.

Sasa mtazame mama mwenye matenga ya nyanya. Mzigo wake ukiwa hauzidi dola 2,000 za Marekani na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, anapewa palepale mpakani cheti rahisi cha uasili na ushuru wa forodha unafutwa. Akidhani amemaliza, anaulizwa cheti cha afya ya mimea. Kuna pia ushuru wa mazao wa halmashauri alikonunulia, na huenda ofisa mwingine akawa na swali lake. Kila anayemuuliza ana sheria inayomruhusu kuuliza. Wasichofanya ni kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Jua linapanda, nyanya zinalainika. Ndiyo maana bodaboda za njia za panya hazikosi abiria, na tusiwahukumu haraka wanaozipanda.

Kero hii haina nchi moja ya kulaumiwa. Machi 2023 bodi ya maziwa ya Kenya ilisimamisha kwa barua uingizaji wa maziwa ya unga, na Uganda, muuzaji mkubwa, ikalalamika. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo saluni, ufundi wa simu na uwakala wa fedha za simu. Kenya ikakumbusha kuwa itifaki ya Soko la Pamoja inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha biashara katika nchi nyingine. Kulinda riziki ya wananchi ni wajibu wa serikali yoyote, ila ahadi iliyowekewa saini na marais haipaswi kupunguzwa na amri ya wizara moja kabla majirani hawajaulizwa.

Anayeonewa ana pa kushtaki: Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha. Mwaka 2019 iliipa ushindi kampuni ya sigara iliyolalamika kwamba Uganda inatoza bidhaa zake zilizotengenezwa Kenya kana kwamba zimetoka nje ya Jumuiya. Kampuni kubwa ina mawakili. Mkataba wa Jumuiya unampa raia wa kawaida miezi miwili tu kufungua shauri, na muuza nyanya hana wakili wala miezi miwili.

Dawa mojawapo iko Kenya kwenyewe. Sheria yake ya kanuni ndogo ya mwaka 2013 inataka kanuni ijadiliwe na wanaoguswa nayo kabla ya kutolewa, gharama zake kwa wananchi zipimwe, na baada ya miaka 10 ife yenyewe isipohuishwa. Upungufu ni kwamba barua za mamlaka hupenya pembeni mwa utaratibu huo. Bunge la Afrika Mashariki lingeongeza kifungu katika sheria ya 2017: zuio lisilotangazwa mapema kwa nchi nyingine, isipokuwa kwa dharura ya kiafya iliyothibitishwa maabara, lisiwe na nguvu mpakani.

Wakati wabunge wakilifikiria hilo, mfanyabiashara asikubali kurudishwa kwa maneno matupu. Aombe kuonyeshwa kanuni kwa maandishi, aandike tarehe, kituo na ofisi iliyomkatalia, kisha aripoti kwenye mfumo wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na jumuiya za kikanda za COMESA na SADC wa kupokea malalamiko ya vikwazo vya biashara, unaopatikana mtandaoni.