Je, Wajua? Bosi ni wewe, na kalenda unajipiga mwenyewe

Je, wajua kwamba mchoraji aliyelipa jina lake mtindo mzima wa sanaa ya Tanzania alianza bila turubai? Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi, ile ya kupigia dari, na rangi za kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, maana yake umaarufu wote ule umetokana na kazi ya miaka kama minne. Anayesubiri kompyuta mpya ndipo atafute mteja wa kwanza aanzie hapo kujiuliza.

Wajua kwamba oDesk, mmoja wa mitandao miwili ya kutafutia kazi za frilansa iliyoungana na kuzaa Upwork, ilianzishwa mwaka 2003 na marafiki wawili Wagiriki waliotaka kufanya kazi pamoja, huku mmoja akiwa Marekani na mwenzake Athens?

Je, wajua kwamba kuahirisha kazi si uvivu? Mvivu hulala na akalala vizuri. Mpiga danadana huosha vyombo, hupanga mafaili, hujibu meseji zote za kundi la harusi. Hufanya kila kitu isipokuwa ile kazi moja. Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba kiini chake ni hisia: mtu anakimbia wasiwasi anaouona sasa hivi, mzigo anamwachia yeye yule wa kesho. Kwa frilansa mpya, wasiwasi huo una sura yake maalumu. Mteja ameandika, “Naomba bei yako.” Ujumbe umesomwa tangu asubuhi. Kazi ya kuujibu ni ya dakika mbili, ila mkono unaogopa kuandika laki mbili.

Wajua kwamba kujilaumu hakusaidii? Katika Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, utafiti wa mwaka 2010 uliwafuatilia wanafunzi walioahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza. Waliojisamehe ndio waliopunguza kuahirisha kabla ya mtihani uliofuata.

Je, wajua kwamba Victor Hugo alipobanwa na mchapishaji mwaka 1830, inasimuliwa alinunua chupa ya wino na vazi zito la sufu, kisha akazifungia nguo zake nyingine asiweze kutoka nje? Riwaya yake ya Notre-Dame de Paris ilitoka Machi 1831. Kuzima data nusu siku ni adhabu ndogo kuliko hiyo.

Wajua kwamba kutaja saa na mahali kunaongeza uwezekano wa kazi kufanyika? Mwaka 1997 Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa Ujerumani walitakiwa kuandika taarifa fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi. Waliotamka mapema wataandika lini na wapi, karibu robo tatu yao waliandika. Wasiotamka, karibu theluthi moja tu. Kwa hiyo “wiki hii nitatafuta wateja” bado si mpango. “Kesho saa tatu, nikimaliza chai, nawaandikia wenye hoteli wawili” ni mpango.

Je, wajua kwamba hata ukijitabiria mabaya, unajipendelea? Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Wastani wa makisio ulikuwa kama siku 34. Walipoambiwa wakisie mambo yakiharibika kabisa, walisema kama siku 49. Walimaliza kwa siku 55 hivi. Tukitumia uwiano wa makisio ya kwanza na siku halisi, kazi unayoiona ya wiki moja mwambie mteja siku kumi na moja. Atanuna kidogo leo, lakini ni heri hivyo kuliko akupigie simu sita Jumamosi.

Wajua kwamba tarehe moja ya mwisho ni mtego? Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walichapisha mwaka 2002 jaribio la watu waliopewa maandishi matatu wayasahihishe, kwa malipo ya kila kosa watakaloliona na faini kwa kuchelewa. Kundi lililowekewa tarehe kila wiki liliona makosa mengi zaidi na likaondoka na fedha nyingi zaidi. Lililoachiwa siku moja tu ya mwisho lilishika mkia. Waliojipangia tarehe wenyewe walikaa katikati. Basi omba kazi ikatwe vipande, na malipo yakatwe vivyo hivyo. Fundi cherehani analijua hili nusu: anapokupima tu, anataka kishika uchumba. Nusu asiyoijua utaikuta mkesha wa Idi, vitambaa vimerundikana mpaka mlangoni, na chako hakijakatwa.

Je, wajua kwamba Leonardo da Vinci alitia saini mkataba wa Bikira wa Miamba mwaka 1483, huko Milano, mchoro ukihitajika Desemba ya mwaka huohuo, na suala likaja kumalizika mwaka 1508? Tumtendee haki: ndani yake mlikuwa na ugomvi mrefu wa malipo.

Wajua kwamba jiji la New York, tangu Mei 2017, linataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya frilansa ya kuanzia dola 800, na kama tarehe ya malipo haikutajwa, mteja alipe ndani ya siku 30 tangu kazi kukamilika? Kwa mkataba wa mdomo tu, utadai mpaka uchoke.

Na je, wajua kwamba nchini Kenya, mwenye PIN ya kodi anatakiwa kuwasilisha ritani ya kodi ya mapato ya mwaka uliopita kufikia Juni 30, na mtu binafsi anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000? Frilansa asiyeandika popote alicholipwa Februari atakitafuta usiku wa tarehe 29, akipandisha na kushusha meseji za M-Pesa kwa kidole gumba.