Mlo haubadiliki kwa amri

Kawaida ni kama sheria, walinena wahenga, na yamkini hakuna pahali ambapo sheria hiyo ni kali zaidi kuliko mbele ya sahani ya chakula.

Marehemu baba alipogunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari, alirejea nyumbani kutoka zahanati akiwa na karatasi moja. Ilikuwa na mistari tisa, na kila mstari ulianza kwa kanusho: usile, usinywe, usitumie. Mimi nifundishaye sarufi nilitambua upesi kwamba karatasi nzima haikuwa na kitenzi hata kimoja katika hali yakinishi. Mzee alielezwa yote asiyopaswa kula, ila hakuambiwa ale nini. Aliitii kwa siku kumi na saba. Siku ya kumi na nane alimwagiza mama asonge ugali wa kawaida na kupika chai ya watu. Nilipojaribu kumsihi alinijibu, "Mwanangu, heri nife nimeshiba." Mwaka uliofuata alikatwa vidole viwili vya mguu.

Sikuwahi kumlaumu. Katika nyumba nyingi humu nchini neno chakula lina maana ya ugali. Vinginevyo vyote, hata nyama, ni mboga tu. Mtu aliyekula viazi na maharagwe saa saba za mchana huapa jioni kwamba hajala tangu asubuhi. Kumwambia mtu huyo aache ugali leo ni sawa na kumwamuru asile kabisa. Isitoshe, aliyenenepa husifiwa kuwa amenawiri, ilhali aliyekonda huulizwa anaugua nini, na jirani huulizana kwa minong'ono.

Ndiyo maana naamini kwamba mlo hubadilishwa hatua kwa hatua, au haubadilishwi kamwe. Mimi nilianza na sukari. Nilikuwa nikinywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu. Kijiko kidogo huchukua takriban gramu nne, kwa hivyo chai peke yake ilinipa gramu 48. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba mtu mzima asizidishe kiasi cha gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana atosheke na nusu yake. Nikawa napunguza nusu kijiko kila baada ya majuma mawili. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimebakiza nusu kijiko, na chai niliyopewa matangani ikanishinda kunywa. Ilikuwa shira tupu.

Ulimi hufundishika, mradi usiharakishwe. Waingereza walilithibitisha hilo kwa taifa zima. Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne hii, viwanda vyao vilipunguza chumvi katika mkate na vyakula vingine kidogo kidogo, walaji wengi wasing'amue lolote. Kufikia mwaka wa 2011, wastani wa chumvi aliyokula mtu mzima kwa siku ulikuwa umeshuka kutoka takriban gramu 9.5 hadi gramu 8.1.

Wapo watakaosema kwamba ugali mweupe ni urithi wa mababu, usiguswe. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na ni katika karne ya 20 ndipo yalipouondoa mtama na wimbi kwenye vyungu vyetu vingi. Hata mboga tulizozidharau zina masimulizi yao. Mnavu na mchicha viling'olewa mashambani kama magugu hadi wataalamu, miongoni mwao Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, walipotuonyesha thamani yake. Leo mboga hizo zinauzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi.

Sitaki kumhadaa msomaji. Unga wa wimbi ni ghali kuliko wa mahindi, na mwenye kipato cha kibarua hawezi kuhimizwa kana kwamba pesa si hoja. Lakini kibaba kimoja cha wimbi kwa vitatu vya mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa hakimfilisi mtu, na bonge la ugali likipunguzwa kidogo, mnavu hupata nafasi sahanini. Anayetumia dawa za kisukari naye asipunguze chakula kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani sukari ya mwili inaweza kushuka ghafla ikamwangusha.

Mama sasa husonga ugali wa mchanganyiko huo, na rangi yake imekuwa ikikolea mwaka baada ya mwaka. Likizo iliyopita mjukuu wake mdogo alimuuliza kwa nini ugali wa shuleni kwao umepauka vile.