Mani Planti Haifuti Moshi wa Mkaa

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa mama wa ghorofani Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo: aweke mani planti ngapi jikoni ili zinyonye moshi wa mkaa? Asiweke hata moja kwa kazi hiyo. Afungue dirisha.

Maneno haya nayajua yanakoanzia. Ukisimama tu kwenye bustani za maua kando ya barabara unaambiwa, "Chukua hii, dada, inasafisha hewa," na bei inapanda papo hapo. Muuzaji ukimbana, anakutajia NASA, shirika la anga la Marekani.

Utafiti wa NASA upo kweli, wa mwaka 1989, ukiongozwa na Bill Wolverton. Lakini hebu tuangalie kilichofanyika. Mimea iliwekwa ndani ya makasha ya plastiki ngumu yaliyozibwa kabisa, hata lile kubwa halikufika mita moja ya ujazo. Zikaingizwa gesi kama benzini na fomaldehaidi, kisha wakapima kilichobaki. Gesi zilipungua, sawa. Shabaha yao ilikuwa vyombo vya anga, ambavyo havina dirisha la kufungua. Na walioshirikiana na NASA katika kazi ile ni chama cha Wamarekani wanaofanya biashara ya kupamba majengo kwa mimea. Hilo muuzaji wako hakwambii.

Chumba cha Kariakoo si kasha. Kina dirisha, kina upenyo chini ya mlango, kina feni. Hewa yake inatoka na kuingia upesi kuliko jani lolote linavyoweza kunyonya. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia matokeo 196 ya majaribio ya aina hii wakapiga hesabu: ili mimea ifanye kazi sawa na hewa inayojipitia yenyewe ndani ya jengo, inahitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinadai vyungu 120, na hapo tumechukua makadirio ya chini kabisa. Kitanda utakiweka wapi?

Na hesabu hiyo inahusu mvuke wa rangi, gundi na fanicha mpya. Mkaa una jambo lingine kabisa, kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Watu wameingiza jiko chumbani usiku, wakafunga mlango, wasiamke. Anayemwambia mtu wa namna hiyo kwamba mmea utamlinda anacheza na roho za watu, na sioni sababu ya kumlainishia maneno.

Vumbi je? Vumbi la Msimbazi linatua kwenye jani kama linavyotua kwenye rafu ya duka, na likitanda linauzibia mmea mwanga. Wewe ndiye unayeusafisha mmea.

Ukiutaka mmea huu kwa urembo tu, sasa matunzo yake, harakaharaka. Chungu kiwe na tundu chini. Mizizi inaozea kwenye ndoo ya rangi isiyotobolewa, halafu naulizwa dawa ya majani ya njano. Chomeka kidole: udongo ukiwa mkavu hadi pingili ya pili, mwagilia mpaka maji yatokee chini, ukiwa na unyevu uache, hasa wakati wa masika. Weka karibu na dirisha, maana maghorofa yetu yanatazamana ukuta kwa ukuta, ila ukwepeshe jua kali la alasiri. Kwenye kona ya giza hautakufa upesi, lakini mabaka ya njano yatafifia. Kwao huko kisiwa cha Moorea, Polinesia ya Ufaransa, unakwea miti. Ukiuning'iniza majani yanabaki madogo, ukiupa nguzo iliyofungwa makumbi ya nazi yenye unyevu yanapanuka. Kuotesha mwingine, kata chini kidogo ya kifundo cha shina. Jani tupu halichipui.

Mnaoukuza kwenye chupa ya maji, mbu wa dengi anapenda maji safi yaliyotuama, na jiji hili la Dar es Salaam liliugua dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mwageni maji yote kila wiki na kusugua chupa kwa ndani, kwani mayai yanaganda ukutani na yanastahimili ukavu. Kisahani cha chini ya chungu nacho hivyohivyo. Utomvu wa mani planti unawasha mdomo na koo, kwa hiyo mtoto anayetambaa asiufikie.

Mbolea ije mwisho: NPK ya kuyeyusha, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi. Maduka ya pembejeo ya Kariakoo yanayo. Ukiongezewa na dawa ya kung'arisha majani, irudishe. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha.