Goti hukatika kabla jicho halijaona

Kila mchezaji maarufu akitolewa uwanjani kwa machela huku ameshika goti, maswali ya wasomaji hufurika, na nusu yake si maswali: "Karogwa." "Nani alimpiga teke?" Mara nyingi hakuna aliyemgusa. Ligamenti mtambuka ya mbele iliyo ndani ya goti, ile ACL, hukatika zaidi mchezaji anapotua baada ya kuruka au anapogeuka ghafla.

Mwaka 2010 watafiti wa Oslo, Norwei, walichapisha uchunguzi wa matukio 10 ya namna hiyo, ya wanawake wa mpira wa mikono na kikapu, yote yakiwa yamenaswa na kamera zaidi ya moja. Hapo ndipo penye uhondo. Video moja haina kina: goti lililokunjwa kuielekea kamera huonekana kama limenyooka. Zikipatikana picha mbili za wakati uleule kutoka pembe tofauti, kina kinarudi. Vipimo vya uwanja vinajulikana, kwa hiyo mistari yake huionyesha kompyuta kila kamera ilisimama wapi. Kisha mtafiti hukilaza kiunzi cha mifupa cha kompyuta juu ya mchezaji, akikipinda kiungo kwa kiungo mpaka kioane na picha zote kwa pamoja. Akimaliza, anahamia picha inayofuata. Kwa video ya picha 50 kwa sekunde, hiyo ni hatua ya milisekunde 20 tu.

Walichokiona: mguu ulipogusa sakafu, goti lilikuwa bado halijaelekea ndani. Milisekunde 40 baadaye lilikuwa limepinda kwa ndani nyuzi 12 hivi, muundi umejizungusha, na nguvu ya sakafu imefika mara 3.2 ya uzito wa mwili. Wanakadiria ligamenti ilikatika hapo. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu zaidi. Lile goti linalobonyea vibaya kwenye marudio, mnalorushiana WhatsApp, aghalabu ni goti ambalo limeshakatika.

Nanyi wachuaji mnaodai "kuunga mshipa" kwa mafuta, acheni. ACL imo katikati ya goti, kidole hakiifikii. Uvimbe ukishuka mteja hudhani amepona, anarudi uwanjani na kuchana meniski, gegedu iliyo kati ya mifupa ya goti.

Goti likilia "pa" na kuvimba ndani ya saa chache, nenda kwa daktari wa mifupa. Makocha, tumieni mazoezi ya FIFA 11+: dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki. Yanafundisha kutua magoti yakiwa yamekunjwa, na ni ya bure.